MADA YA 7: KUCHUKUA SAMPULI ZA KUPIMA ULAJI WA MALISHO NA UMENG'ENYWAJI KWA NG'OMBE WA NYAMA

Mada hii huwatisha wengi kwa sababu ina hesabu, ina istilahi na ina majaribio ambayo shule nyingi hazina vifaa vya kuyafanya. Usiogope. Ukielewa mambo mawili tu, mengine yote yatafuata: ng'ombe amekula kiasi gani, na katika alichokula, kiasi gani kimebaki mwilini mwake badala ya kutoka kwenye kinyesi. Kazi yote ya sampuli ni kujibu maswali hayo mawili bila kujidanganya.

Tutatumia mifano ya Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Wilaya hii ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Geita. Hata kama unasomea Tarime au Masasi, kanuni ni zile zile.

Baada ya kusoma mada hii uweze:
1. Kueleza maana ya ulaji, umeng'enywaji na sampuli wakilishi.
2. Kutofautisha njia za kuchukua sampuli za malisho, mabaki na kinyesi.
3. Kukokotoa ulaji na umeng'enywaji kutokana na takwimu ulizopewa.
4. Kutaja makosa ya sampuli na athari zake kwa mfugaji.

7.1 Kwa nini mfugaji ajali vipimo hivi?

Katika ukanda wa Shinyanga na Geita mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo nyasi hukomaa, hukauka na kuwa ngumu. Ifikapo Agosti na Septemba, ng'ombe anaweza kushinda malishoni kutwa nzima na bado akakonda. Tumbo limejaa, lakini nyasi zenyewe ni nyuzinyuzi zilizokomaa, zenye protini kidogo. Bakteria wa tumboni hawapati protini ya kutosha kufanya kazi yao, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na kwa sababu tumbo halijatoa nafasi, mnyama hula kidogo zaidi. Yaani umeng'enywaji ukishuka, ulaji nao hushuka. Huu ndio uhusiano mkuu wa mada hii, ukumbuke.

Wafugaji wa Kisukuma walilitambua tatizo hili zamani. Walitenga maeneo ya malisho yaitwayo ngitili, ambayo hufungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwasaidia wananchi kuzirudisha ngitili nyingi zilizokuwa zimetoweka. Njia nyingine ni kuwaongezea ng'ombe mashudu ya pamba, pumba za mahindi au pumba za mpunga, kama wafanyavyo wanenepeshaji wa Shinyanga na Mwanza.

Sasa jiulize: ngitili hii itawatosha ng'ombe wangapi, na kwa siku ngapi? Mashudu niliyonunua yanaingia mwilini au yanaishia kwenye kinyesi? Huwezi kujibu kwa kutazama tu. Lazima upime, na kwa kuwa huwezi kupima kila jani na kila tone la kinyesi, lazima uchukue sampuli.

7.2 Istilahi za lazima

*Ulaji* ni kiasi cha malisho ambacho mnyama amekula kwa siku, kikielezwa kwa uzito mkavu.

*Uzito mkavu* ni uzito unaobaki baada ya maji yote kuondolewa. Nyasi mbichi za Januari zinaweza kuwa na maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Nyasi kavu za Agosti zina maji kama sehemu moja ya kumi. Ukilinganisha kilo moja ya hizi na kilo moja ya zile bila kuondoa maji, unalinganisha vitu viwili visivyofanana. Kwa kawaida ng'ombe wa nyama hula uzito mkavu upatao asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mwili wake kwa siku.

*Umeng'enywaji* ni sehemu ya malisho yaliyoliwa ambayo haikutoka kwenye kinyesi. Huelezwa kwa asilimia.

*Sampuli wakilishi* ni sehemu ndogo iliyochukuliwa kwa namna ambayo sifa zake zinafanana na za kitu kizima. Neno la msingi ni "namna". Sampuli kubwa iliyochukuliwa vibaya haina faida kuliko sampuli ndogo iliyochukuliwa vizuri.

*Kiashirio* ni kitu kisichomeng'enywa ambacho huingia na malisho na kutoka chote kwenye kinyesi, hivyo hutumika kukadiria kiasi cha vitu vingine.

7.3 Njia ya kwanza: kupima kila kitu kwa mnyama aliyefungiwa

Hii ndiyo njia ya msingi, na njia nyingine zote hulinganishwa nayo. Hapa Tanzania ina historia ndefu: katika miaka ya 1930 na 1940 mtaalamu M. H. French alifanya majaribio ya umeng'enywaji wa malisho ya nchi hii huko Mpwapwa, kituo ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI. Kwa Kanda ya Ziwa, TALIRI ina kituo Mabuki, wilayani Misungwi.

Hatua zake ni hizi:

(a) Chagua wanyama. Wawe wa umri na uzito unaokaribiana, wenye afya, na waliopewa dawa ya minyoo. Wagawe kwenye vikundi kwa bahati nasibu, si kwa kuchagua wanene upande huu na wembamba upande ule. Maksai na madume hupendekezwa kwa sababu mkojo wao hutokea mbele ya miguu ya nyuma, mbali na mahali kinyesi kinapotokea; hivyo kinyesi hukusanywa bila kuchanganyika na mkojo.

(b) Wape muda wa kuzoea. Kwa kawaida siku 14 kabla ya kupima. Bakteria wa tumboni wanahitaji muda wa kuzoea chakula kipya, na mabaki ya chakula cha zamani lazima yatoke kwanza.

(c) Pima malisho na mabaki. Kwa siku 7 hivi za kukusanya takwimu, pima kila kinachowekwa kwenye hori na kila kinachobaki kesho yake asubuhi. Weka malisho yanayozidi mahitaji kwa takriban asilimia 10, ili mnyama ale hadi atosheke. Hori likikutwa tupu, hujui angeweza kula kiasi gani zaidi.

(d) Chukua sampuli za malisho na za mabaki, kila moja peke yake. Watahiniwa wengi husahau sehemu hii. Ng'ombe si mashine ya kusaga, huchagua. Ukimwekea mabua ya mahindi, hula majani kwanza na kuacha mashina. Kwa hiyo mabaki yana nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo kuliko malisho yaliyowekwa. Ukidhani mabaki yanafanana na malisho, utakosea kuhusu kile kilichoingia mdomoni.

(e) Kusanya kinyesi chote cha saa 24. Kinyesi hukusanywa kwa mfuko unaofungwa nyuma ya mnyama au kwa kuzoa kwenye sakafu safi ya saruji. Kipime, kikoroge vizuri, kisha chukua asilimia 5 hadi 10 kama sampuli ya siku hiyo. Sampuli za siku zote 7 huhifadhiwa kwenye ubaridi na mwishoni huchanganywa kuwa sampuli moja ya kila mnyama. Kwa kuwa chakula huchukua siku moja hadi tatu kupita tumboni, sampuli za malisho huanza kuchukuliwa siku moja au mbili kabla ya zile za kinyesi.

(f) Kausha na saga. Kwa kupata uzito mkavu, sampuli hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi joto 105 hadi uzito usibadilike tena. Sampuli itakayopimwa protini na nyuzinyuzi hukaushwa kwa nyuzi 60 hadi 65, kwa sababu joto kali huharibu protini na kubadilisha nyuzinyuzi. Kisha husagwa kupita chujio la milimita 1.

Kugawa lundo kwa robo. Malisho yakiwa mengi, usichote juu tu. Changanya lundo lote, lirundike kama pia, libonyeze liwe bapa, ligawe sehemu nne. Ondoa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia hadi upate kiasi unachotaka. Vumbi la pumba na vipande vidogo vya majani hushuka chini ya gunia, mashina hubaki juu. Ukichota juu tu, umepima mashina.

MFANO WA 1

Tuchukulie maksai wa kilo 250 amefungiwa Ushirombo. Kwa siku amewekewa kilo 6 za nyasi kavu na kilo 1.5 za mchanganyiko wa pumba na mashudu, vyote vikiwa na uzito mkavu asilimia 90. Amebakiza kilo 1 ya nyasi yenye uzito mkavu asilimia 85. Ametoa kinyesi kibichi kilo 12.5 chenye uzito mkavu asilimia 20. Kokotoa (i) ulaji, (ii) ulaji kama asilimia ya uzito wa mwili, (iii) umeng'enywaji.

*Suluhisho*

Uzito mkavu uliowekwa = (6 + 1.5) × 0.90 = kilo 6.75
Uzito mkavu uliobaki = 1 × 0.85 = kilo 0.85
(i) Ulaji = 6.75 − 0.85 = kilo 5.9
(ii) 5.9 ÷ 250 × 100 = asilimia 2.36
Uzito mkavu wa kinyesi = 12.5 × 0.20 = kilo 2.5
(iii) Umeng'enywaji = (5.9 − 2.5) ÷ 5.9 × 100 = asilimia 57.6

ZINGATIA: Ukisahau kuondoa maji, utapata kwamba mnyama amekula kilo 6.5 na kutoa kinyesi kilo 12.5, yaani ametoa karibu mara mbili ya alichokula! Jibu lako la umeng'enywaji litakuwa hasi. Ukiona jibu hasi kwenye karatasi yako, usiendelee. Rudi ukatafute maji uliyoyaacha.

7.4 Njia ya pili: kutumia viashirio kwa ng'ombe wa malishoni

Ng'ombe wengi wa Bukombe hawafungiwi. Wanatoka zizini asubuhi, wanapita kwenye miombo na mabonde, wanarudi jioni. Huwezi kupima walichokula wala kuzoa kinyesi chao chote. Hapa ndipo viashirio vinapotumika.

Kiashirio cha ndani tayari kimo kwenye malisho. Mifano ni majivu yasiyoyeyuka katika asidi, ambayo kwa sehemu kubwa ni silika, na nyuzinyuzi zisizomeng'enywa kabisa. Kadiri mnyama anavyomeng'enya vitu vingine, ndivyo kiashirio kinavyojikusanya kwenye kinyesi. Kanuni:

Umeng'enywaji (%) = 100 × (1 − kiashirio kwenye malisho ÷ kiashirio kwenye kinyesi)

Kiashirio cha nje ni kile mnyama anachopewa kwa kipimo kinachojulikana. Oksidi ya kromiamu ilitumika kwa miaka mingi. Siku hizi oksidi ya titani hutumika sana. Kwa kuwa chote hutoka kwenye kinyesi:

Kinyesi kwa siku (kilo) = kiashirio alichopewa (gramu) ÷ kiashirio kwenye kilo 1 ya kinyesi kikavu (gramu)

Ukishajua kinyesi na umeng'enywaji, ulaji unapatikana:

Ulaji = kinyesi ÷ (1 − umeng'enywaji ukiwa desimali)

Ipo pia njia ya alkani. Katika Kemia umesoma kwamba alkani ni haidrokaboni zenye bondi moja moja. Nta inayofunika majani ina alkani ndefu, hasa zenye idadi witiri ya atomi za kaboni kama 31 na 33. Mtafiti humpa ng'ombe alkani yenye kaboni 32, ambayo ni haba sana kwenye majani, kisha hulinganisha uwiano wa alkani hizo kwenye majani na kwenye kinyesi.

Sampuli ya kinyesi huchukuliwa lini? Kiashirio cha nje hakitoki kwa kiwango kile kile kutwa nzima. Kuna saa kinatoka kingi na saa kinatoka kidogo. Ukichukua sampuli kila siku saa 12 asubuhi tu, unaweza kuangukia kwenye kilele au kwenye bonde. Dawa yake ni kusogeza saa. Kinyesi huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye puru, kwa mkono wenye glovu ndefu, mara mbili kwa siku:

- Siku ya 1: saa 12 asubuhi na saa 12 jioni
- Siku ya 2: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku
- Siku ya 3: saa 4 asubuhi na saa 4 usiku
- Siku ya 4: saa 6 mchana na saa 6 usiku
- Siku ya 5: saa 8 mchana na saa 8 usiku
- Siku ya 6: saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri

Kwa siku 6 umepata sampuli 12 zilizopishana kwa saa mbili mbili, zinazozunguka saa zote 24. Glovu si pambo: magonjwa kama brusela hutoka kwa ng'ombe kwenda kwa binadamu.

Sampuli ya malisho huchukuliwaje? Si kwa kufyeka mahali popote. Mtafiti humfuata ng'ombe kwa karibu na kuchuma kwa mkono majani yale yale, kwa urefu ule ule, ambayo ng'ombe anayang'ata. Katika vituo vya utafiti, wapo ng'ombe waliotobolewa umio kwa upasuaji ili kinachomezwa kikusanywe kwenye mfuko. Njia hiyo ni sahihi zaidi, lakini inahitaji daktari wa mifugo na uangalizi mkubwa wa ustawi wa mnyama.

MFANO WA 2

Ng'ombe wa kilo 250 anayechunga hupewa gramu 10 za oksidi ya kromiamu kwa siku. Kinyesi chake kikavu kina gramu 4 za kiashirio hicho kwa kila kilo. Majivu yasiyoyeyuka katika asidi ni asilimia 3.0 kwenye malisho na asilimia 7.5 kwenye kinyesi. Tafuta ulaji wake.

*Suluhisho*

Kinyesi = 10 ÷ 4 = kilo 2.5 kwa siku
Umeng'enywaji = 100 × (1 − 3.0 ÷ 7.5) = asilimia 60
Ulaji = 2.5 ÷ (1 − 0.60) = 2.5 ÷ 0.40 = kilo 6.25, sawa na asilimia 2.5 ya uzito wa mwili.

Vumbi linavyoharibu jibu. Sasa fikiria kwamba sampuli ya majani imechumwa kando ya barabara ya vumbi, au karibu na mahali wachimbaji wadogo wanapoponda mawe, wakati ng'ombe wenyewe walichunga mbali na hapo. Vumbi ni silika, na silika haiyeyuki katika asidi. Tuseme majivu hayo yanapanda kutoka asilimia 3.0 hadi 3.6 kwenye malisho.

Umeng'enywaji = 100 × (1 − 3.6 ÷ 7.5) = asilimia 52
Ulaji = 2.5 ÷ 0.48 = kilo 5.21

Ng'ombe ni yule yule na kinyesi ni kile kile, lakini kwa vumbi kidogo tu tumemnyang'anya kilo 1.04 kwa siku kwenye makaratasi. Mwenye ng'ombe 40 akipanga malisho ya siku 90 kwa takwimu hii, atapungukiwa 1.04 × 40 × 90 = kilo 3,744. Kinyume chake pia hutokea: ng'ombe akimeza udongo wakati wa kung'ata nyasi fupi, na sampuli yako ya majani ikawa safi, majivu ya kinyesi yataongezeka na umeng'enywaji utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

7.5 Njia ya tatu: kupima malisho yenyewe uwanjani

Hapa hatupimi mnyama, tunapima nyasi zilizopo. Kifaa ni fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita, yenye eneo la mita za mraba 0.25. Unaiweka chini, unakata nyasi zote zilizo ndani, unazikausha na kuzipima. Ili kupata kilo kwa hekta, zidisha gramu za fremu moja kwa 40. (Hekta moja ina fremu 40,000, na gramu 1,000 ni kilo moja.)

Fremu iwekwe wapi? Kuna namna tatu:

*Sampuli nasibu:* kila mahali pana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Tumia namba za bahati nasibu kuamua hatua ngapi mbele na ngapi kando. Kurusha fremu huku umeangalia nyasi nzuri si bahati nasibu.

*Sampuli ya mpangilio:* unatembea mstari ulionyooka na kuweka fremu kila baada ya hatua 50, kwa mfano. Ni rahisi, lakini ni hatari ikiwa uwanja wenyewe una mpangilio unaojirudia, kama matuta.

*Sampuli ya matabaka:* unagawa eneo kwenye sehemu zinazofanana, kisha unachukua sampuli nasibu ndani ya kila sehemu kulingana na ukubwa wake. Kwa ngitili hii ndiyo bora, kwa sababu bonde lenye udongo mzito wa mbuga halizai sawa na mteremko wenye changarawe.

MFANO WA 3

Ngitili ya hekta 10 ina hekta 4 za bonde na hekta 6 za mteremko. Fremu 20 zimegawanywa kwa uwiano: 8 bondeni na 12 mteremkoni. Wastani wa uzito mkavu ni gramu 60 kwa fremu bondeni na gramu 25 mteremkoni. Mfugaji ana ng'ombe 40, kila mmoja akila kilo 6.25 kwa siku. Ikiwa nusu tu ya nyasi italiwa ili ardhi isibaki tupu, ngitili itatosha siku ngapi?

*Suluhisho*

Bonde: 60 × 40 = kilo 2,400 kwa hekta; × 4 = kilo 9,600
Mteremko: 25 × 40 = kilo 1,000 kwa hekta; × 6 = kilo 6,000
Jumla = kilo 15,600; nusu yake = kilo 7,800
Mahitaji kwa siku = 40 × 6.25 = kilo 250
Siku = 7,800 ÷ 250 = 31.2, yaani siku 31

Je, kama aliyepima angeishia bondeni tu, mahali nyasi zinapopendeza? Angepata 2,400 × 10 = kilo 24,000, nusu yake 12,000, sawa na siku 48. Tofauti ni siku 17. Hizo ni siku 17 ambazo mfugaji aliamini malisho yapo, akaacha kuuza maksai wawili watatu wakiwa bado na mwili, kisha akawapeleka mnadani mbavu zikihesabika. Sampuli mbaya haimwumizi aliyeichukua, humwumiza aliyeiamini.

7.6 Njia za maabara, kwa ufupi

*Njia ya hatua mbili* ya Tilley na Terry (1963): malisho yaliyosagwa huwekwa kwenye chupa yenye maji ya tumbo la kwanza la ng'ombe au kondoo kwa saa 48, kisha kwenye asidi na pepsini kwa saa 48 nyingine. Kilichobaki ndicho kisichomeng'enywa.

*Njia ya mfuko wa nailoni:* mfuko wenye matundu madogo sana hutiwa malisho na kuingizwa tumboni kupitia tundu maalumu lililowekwa kwa upasuaji. Hutolewa baada ya muda uliopangwa, mara nyingi saa 48, huoshwa, hukaushwa na kupimwa.

Faida ya njia hizi ni kupima sampuli nyingi kwa gharama ndogo na kwa haraka. Udhaifu wake ni kwamba hazipimi ulaji. Chupa haina hamu ya kula.

7.7 Makosa yanayowapotezea watahiniwa alama

1. Kutumia uzito mbichi badala ya uzito mkavu.
2. Kuchanganya sampuli za malisho na za mabaki.
3. Kuandika "kuchukua sampuli mahali popote" kama maana ya sampuli nasibu. Sema: kila sehemu ina nafasi sawa ya kuchaguliwa.
4. Kugeuza kanuni ya kiashirio. Kumbuka: kiashirio kwenye kinyesi lazima kiwe kikubwa kuliko kwenye malisho.
5. Kutoa jibu bila kizio. "6.25" peke yake si jibu, "kilo 6.25 za uzito mkavu kwa siku" ni jibu.

Kama shule haina oveni: kausha sampuli juani juu ya karatasi safi, pima kila siku saa ile ile, na usimame uzito unapoacha kupungua. Jibu halitakuwa sawa na la oveni, kwa sababu unyevu kidogo hubaki. Litaje hilo kwenye ripoti yako ya vitendo. Kutaja udhaifu wa kipimo ni sehemu ya jibu zuri.

7.8 Maswali ya kujipima

1. Dume la kilo 300 limewekewa kilo 8 za nyasi kavu na kubakiza kilo 1, zote zikiwa na uzito mkavu asilimia 90. Kinyesi ni kilo 14 chenye uzito mkavu asilimia 18. Kokotoa ulaji, asilimia ya uzito wa mwili, na umeng'enywaji.

2. Kiashirio cha ndani ni asilimia 2.8 kwenye malisho na 5.6 kwenye kinyesi. Umeng'enywaji ni asilimia ngapi?

3. Ngitili ya hekta 5 ina hekta 2 zenye wastani wa gramu 50 kwa fremu ya mita za mraba 0.25, na hekta 3 zenye gramu 30. Nusu ikiliwa na ng'ombe 20, kila mmoja akila kilo 5 kwa siku, itatosha siku ngapi?

4. Eleza sababu mbili za kumpa mnyama siku 14 za kuzoea kabla ya kupima.

5. Kwa nini saa za kuchukua sampuli za kinyesi husogezwa kila siku?

Majibu

1. Ulaji = 7.2 − 0.9 = kilo 6.3, asilimia 2.1; kinyesi kikavu = kilo 2.52; umeng'enywaji = 3.78 ÷ 6.3 × 100 = asilimia 60.

2. 100 × (1 − 2.8 ÷ 5.6) = asilimia 50.

3. Kilo 4,000 + kilo 3,600 = kilo 7,600; nusu = kilo 3,800; mahitaji ni kilo 100 kwa siku; siku 38.

4. (i) Bakteria wa tumboni wazoee chakula kipya. (ii) Mabaki ya chakula cha zamani yatoke, yasihesabiwe kuwa ya chakula kipya.

5. Kwa sababu kiashirio hakitoki kwa kiwango kile kile saa zote. Kusogeza saa hufanya sampuli ziwakilishe saa zote 24.

Ukikosa swali la 1 au la 3, usisonge mbele kwenda Mada ya 8. Rudi kwenye Mfano wa 1 na wa 3, funika suluhisho kwa karatasi, na ukokotoe upya hadi upate mwenyewe.